Usiache Mbachao: Vitu vya Kale na vya Kila Siku kama Chemchemi ya Ubunifu

Yafuatayo ni maneno ya mhadhara uliotolewa na mwalimu mstaafu wa sanaa na ufundi mbele ya wakazi, katika ukumbi wa ofisi ya kata. Yanachapishwa hapa kwa ajili ya wakazi ambao hawakuweza kuhudhuria.

  

Nimeombwa nizungumzie ubunifu. Neno hili siku hizi limekuwa jepesi midomoni mwetu, na wengi wetu tunalidhania kuwa ni kipaji walichojaliwa watu wachache, au jambo linaloanza pale kijana apatapo kompyuta, mtaji na nauli ya kwenda mjini. Mimi nimekuja kusema jambo jingine. Ubunifu huanza kwa jicho lililotulia juu ya kitu, na vitu vya kutulizia jicho vimejaa majumbani mwetu: jikoni, uvunguni mwa kitanda, darini, na kwenye ukuta wa banda la uani. Nimekuja pia kusema kwamba vitu hivyo vinatutoka, na vinatutoka kwa kilo.

Wahenga walituusia tusiache mbacha wetu kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka mkuukuu, uliochakaa kwa kukaliwa. Usia huu aghalabu tunautumia katika mambo ya ndoa na urafiki. Leo naomba tuuchukue kwa maana yake ya wazi kabisa, yaani tuutazame mkeka wenyewe.

Karibu kila wiki hupita vijijini mwetu mnunuzi wa vyuma chakavu akiwa na mkokoteni na mzani wake. Kazi yake ni halali na ina manufaa, maana pipa lililotoboka na bati lililooza visipokwenda kuyeyushwa vitabaki kutukata miguu. Lakini katika mkokoteni huohuo huingia pia sinia la shaba lililochorwa kwa mkono, birika la kahawa la babu, na bawaba za mlango uliong'olewa. Mzani haujui kusoma nakshi. Kwa mzani, sinia la mfua shaba na sufuria iliyopasuka ni ndugu wa tumbo moja.

Simlaumu auzaye. Mama mwenye mgonjwa ndani, anayetafuta nauli ya hospitali usiku huu, hahitaji hotuba ya urithi kutoka kwangu. Hata hivyo, mara nyingi tunauza pasipo dhiki, kwa sababu tu kitu ni cha zamani na kinatutia haya mbele ya wageni. Hapo ndipo nasema: kabla hujakiweka kitu mezani pa mnunuzi, kisome kwanza. Fedha yake utaila siku moja, lakini maarifa yaliyomo ndani yake yangeweza kukulisha miaka.

Nitataja mifano mitatu ya watu waliosoma vitu vya kawaida, tena watu wa pande zetu hizi.

Mfano wa kwanza mmeuvaa. Katika karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua vitambaa vya leso vilivyotoka ng'ambo. Jina lenyewe, leso, tumelipata kwa Wareno. Vitambaa hivyo viliuzwa vikiwa havijatenganishwa, vimefuatana katika jora moja. Wanawake wale wakaona jambo ambalo mfumaji wa ng'ambo hakuliona. Badala ya kukata leso moja moja ya kufutia jasho, walikata vipande vya leso tatu tatu, wakashona vipande viwili pamoja, wakapata vazi zima la leso sita. Wenye maduka walipoona mtindo huo unapendwa, wakaagiza nguo iliyochapishwa ikiwa nzima, yenye pindo kuzunguka na mji katikati. Mapema katika karne ya 20 jina, yaani yale maneno ya kanga, likaanza kuchapishwa, kwanza kwa herufi za Kiarabu na baadaye kwa hizi tunazozisoma leo. Huko Mombasa, mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak, aliyeanza biashara mwaka 1887, alijenga duka lililojulikana pwani nzima kwa alama ya Mali ya Abdulla. Biashara yote hiyo kubwa ina mzizi wake katika mkono wa mwanamke aliyetazama leso, akajiuliza: je, nikizishona?

Mfano wa pili ni wa Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyehamia Dar es Salaam kutafuta riziki. Alipoanza kuchora, mwaka 1968, hakuwa na kitambaa maalumu cha wachoraji wala rangi za dukani za wasanii. Alichukua mbao nyepesi za dari, zilizokuwa zikitumika kwenye ujenzi, na rangi ya mafuta iliyotumika kupakia baiskeli. Rangi ile hung'aa na ni nzito, haikubali kufifishwa taratibu kama rangi ya maji, na kwa hiyo wanyama wake walitoka wakiwa na mistari dhahiri na madoa ya wazi. Kile ambacho mtu mwingine angekiita upungufu wa vifaa kikawa ndiyo sura ya sanaa yake. Alifariki mwaka 1972, baada ya kuchora kwa miaka minne tu hivi. Lakini alikuwa amewafundisha ndugu na marafiki, nao waliendeleza kazi ile, na mwaka 1990 wakaunda chama chao cha ushirika. Hadi leo jina lake ni jina la mtindo, na mtindo huo unalisha familia nyingi.

Mfano wa tatu ni wa karibu zaidi kwa miaka. Huko Lamu, mwaka 2018, mafundi wa majahazi walikamilisha chombo chenye urefu wa mita 9 hivi kilichoundwa kwa takataka za plastiki, nyingi zikiwa zimeokotwa fukweni na mijini. Ilitumika takriban tani 10 za plastiki, na ubavu wa chombo ukafunikwa kwa ndara kuukuu zipatazo 30,000, ndara hizihizi tunazoziita kandambili. Wakakiita Flipflopi, na mwanzoni mwa mwaka 2019 kikasafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar, mwendo wa kilomita 500 hivi. Naomba tuzingatie jambo moja. Mafundi wale hawakubuni umbo jipya. Walichukua umbo la jahazi, ambalo mikono ya pwani imelijua kwa karne nyingi, wakalitia mwili mpya. Kama hapangekuwapo mtu anayejua mkuku na mataruma, plastiki ile ingebaki takataka.

Katika mifano yote mitatu yapo mambo mawili: kitu cha kawaida kilichokuwa karibu, na mtu aliyekitazama kwa makini kuliko jirani zake. Fedha ilikuja baadaye.

Sasa turudi nyumbani kwetu. Kitu husomwaje? Mimi nilizoea kuwafundisha wanafunzi maswali matatu. Kitu hiki kiliondoa shida gani? Kimeungwaje? Na ni kitu gani ndani yake ambacho naweza kukihamishia mahali pengine?

Tuanze na mbuzi, yule wa kukunia nazi. Shida yake ni kwamba nazi ni ngumu, ina mviringo, na inataka mikono miwili. Nani basi atalishikilia jino la chuma lisiyumbe? Aliyeubuni mbuzi alijibu swali hilo kwa namna ya ajabu: mkunaji mwenyewe ndiye jiliwa. Anakaa juu ya ubao, uzito wake unakikaza chombo, na mikono yote miwili inabaki huru. Kisha tazama ulivyoungwa. Mbao mbili hupitana kama mkasi, hukunjuliwa wakati wa kazi na kukunjwa baada yake, mbuzi akaegemezwa ukutani. Kijana seremala unayenisikiliza, humo mna kigoda cha kukunja, mna meza ya mama muuza vitafunio anayepaswa kuihamisha kila jioni, mna kinara cha kusomea kitabu. Hujahitaji kusafiri. Umehitaji kumwomba mama yako akuazime mbuzi wake kwa nusu saa.

Tuchukue dema la mvuvi. Tazama matundu yake: yana pembe sita. Fito nyembamba hupita pande tatu, na kila moja huibana mwenzake, hata mkondo wa bahari ukilisukuma dema, umbo halilegei. Na samaki mdogo hupata upenyo wa kutoka. Mfumo huo huo unaweza kuwa tenga la matunda lisilobonyea, kivuli cha taa, au dirisha la banda la kuku lipitishalo hewa. Mvuvi mzee anayejua kulisuka dema ni mhandisi, ijapokuwa hakuna aliyempa cheti.

Tuchukue na huo mbacha wenyewe. Mkeka hausukwi kwa upana wake wote kwa mara moja. Msukaji husuka ukili, utepe mwembamba wa miyaa ya ukindu, mrefu kadiri ya subira yake, kisha huushona ubavu kwa ubavu mpaka upana upatikane. Fundi cherehani mwenye gunia la vipande vya vitenge asivyojua pa kuvipeleka, jibu lake limelala sakafuni. Kata mikanda, ishone ubavu kwa ubavu, panga rangi kama msukaji apangavyo miyaa iliyotiwa rangi, na utapata mkoba, pazia au shuka la mtoto. Ambaye hana kitu kipana na ashone vyembamba.

Nisieleweke kuwa nasema kila kikuukuu ni hazina. Kibatari kimetutoa machozi na kuyachafua mapafu yetu, na nyumba iliyopata umeme au taa ya jua haina sababu ya kukililia. Lakini fundi bati aliyekunja kopo likashika mafuta pasipo kuvuja alikuwa anajua mkunjo wa bati, na mkunjo huo unafaa leo kwa mfereji wa maji ya mvua na kwa jiko banifu. Acha moshi, chukua mkunjo. Vivyo hivyo kwa makatambuga: tairi lililokwisha barabarani lilipata safari ya pili miguuni, na somo ni kwamba kitu kilichochoka kwa kazi moja hakijachoka kwa kazi zote.

Ndugu zangu, ninazo tahadhari tatu, na naomba zipewe uzito.

Kwanza, kupata wazo kutoka kwa kitu cha kale si kukiharibu kitu hicho. Nimesikia watu wakisifu meza iliyotengenezwa kwa mlango wa zamani uliokatwa vipande. Mlango ule ulikuwa na mnyororo wa nakshi kuzunguka fremu, waridi juu ya kizingiti, na mfaa wa katikati uliochongwa kwa mkono wa mtu aliyekwisha kufa. Meza tungeweza kuipata kwa mbao yoyote. Isitoshe, sheria ipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inazilinda fremu na milango ya mbao iliyonakshiwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940, na kuvipeleka vitu kama hivyo nje ya nchi bila kibali ni kosa. Atakayekuja usiku na lori, akikuhimiza umpe mlango kabla hakujakucha, mwambie kwanza mwende pamoja kwa Mtendaji wa Kijiji. Ukitaka nakshi, ichukue bila kuigusa mbao: weka karatasi juu yake, sugua kwa penseli, nakshi itajitokeza, au ipige picha kwa simu, ukiweka rula pembeni ili vipimo vijulikane.

Pili, tuwe waaminifu sokoni. Kitu kipya kilichotengenezwa kwa mfano wa zamani kiuzwe kikiwa kipya. Wapo wanaokifukia kitu udongoni au kukipaka moshi ili mgeni adhanie ni cha karne iliyopita. Huo ni udanganyifu, na siku ukigundulika, mafundi wote wa kata watapewa jina hilo. Andika nyuma ya kazi yako jina lako, kijiji chako na mwaka. Mnunuzi mwenye akili hulipa zaidi kwa kitu kinachojulikana kimetoka wapi.

Tatu, vipo vitu visivyo vya kuchezewa. Maandishi ya dini, vifaa vya jando na unyago, na vyombo vya makaburi ya wazee vina wenyewe. Kabla ya kunakili, uliza. Na ukikataliwa, heshimu.

Sasa niseme kuhusu njia zilizo wazi kwetu, kwani jarida la halmashauri na ofisi hii ya kata zipo kwa ajili ya huduma.

Sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, asilimia 4 kwa vikundi vya vijana, na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Mlango wa kuanzia ni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata, ambaye ataeleza namna ya kusajili kikundi na masharti yanayotumika sasa. Ushauri wangu ni huu: msiende na maneno matupu ya kwamba mnataka kufanya biashara. Nendeni na kitu mkononi. Kikundi kinachoweka mezani kigoda kimoja kilichokamilika, kikaeleza mbao ziligharimu kiasi gani, kazi ilichukua siku ngapi na bei itakuwa ngapi, kimekwisha kujibu nusu ya maswali ya kamati. Kwa mafunzo ya ufundi na ya kuendesha kazi ndogo lipo Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973, na vipo vyuo vya VETA. Waulizeni viongozi wa kata wawaelekeze katika ofisi iliyo karibu.

Lakini lipo jambo ambalo halihitaji mkopo, nami nalileta kwenu kama pendekezo, ili Kamati ya Maendeleo ya Kata ilijadili ikiona linafaa. Kila kijiji kiwe na daftari la vitu. Daftari la kawaida la shule linatosha. Kila kaya, kwa hiari yake, itaje kitu kimoja cha zamani au cha kila siku: kinaitwaje, sehemu zake zinaitwaje, kilitengenezwa kwa nini, na nani kijijini bado anajua kukitengeneza. Wanafunzi wa shule zetu wanaweza kuwa waandishi, na walimu wakalifanya kuwa zoezi la somo. Kitu chenyewe kibaki kwa mwenyewe. Kinachokusanywa ni maarifa tu. Na kwa sababu za usalama, daftari lisionyeshe kitu cha thamani kimewekwa nyumba gani.

Mstari wa mwisho wa daftari hilo ndio unaonisukuma nizungumze leo: nani bado anajua kukitengeneza? Juzi nilikuwa nikihesabu moyoni watu wa kata hii ninaowajua wanaoweza kusuka kifumbu cha kuchujia tui, kikafunga na kunyooka kama inavyopasa. Sikufikia vidole vya mkono mmoja, na wote ni wazee kuliko mimi. Kifumbu tunaweza kukibadilisha kwa chujio la plastiki, na tumekwisha kufanya hivyo. Lakini aina ile ya msuko, unaovutika kwa urefu na kujibana wenyewe, unaweza kuwa na kazi nyingine ambayo kijana mmoja wa hapa angeiona kama angekaa chini na bibi yake mchana mmoja. Bibi akiondoka, sinia la shaba tutapata jingine kwa bei ghali, ila mkono wake hatutaupata kwa bei yoyote.

Kwa hiyo vijana wangu, kazi niwapayo ni ndogo. Wiki hii, chagueni kitu kimoja nyumbani, kitazameni, na mwulizeni mzee mmoja habari zake. Mchoreni mlichokiona, hata kama mchoro ni mbaya. Na ninyi wazee wangu, akija mjukuu na swali la kipuuzi kuhusu kinu au ungo, msimfukuze. Mwacheni ashike, akosee, aulize tena. Huenda riziki yake na ya wanawe imo katika swali hilo.